Nani Akumbukwe Virunga?

Mtu atokaye Goma kwenda Rutshuru kwa barabara kuu hupita Kibumba na Rugari, huiacha Rumangabo nyuma, kisha hufika Kalengera, mahali ambapo njia ya Tongo huachana na ile kubwa. Asubuhi ya mbingu safi aweza kuuona mlima Mikeno umesimama na kilele chake chenye ncha, na msitu umeuzunguka kama nguo nzito. Ni nchi nzuri, tena ni nchi iliyoteswa. Tangu mwisho wa 2021 vita vimerudi Rutshuru, watu wamekimbia na godoro kichwani, wengine zaidi ya mara moja.

Basi huenda mtu akatuuliza, Je, katika taabu kama hizo, ni wakati wa kusema habari za sanamu, makaburi na nguzo za ukumbusho? Sisi twajibu kwamba ndio. Maana kila siku twasikia neno upatanisho, viongozi wanalisema na redio zinalirudia. Na upatanisho hauanzi pale mtu anaposhikana mikono na mwenzake, bali pale anapokubali kusema jina la yule aliyekosewa. Ukumbusho ni jina lililosemwa hadharani, likawekwa mahali ambapo mpita njia hawezi kukwepa kuliona. Kwa hiyo yafaa tuzitazame kumbukumbu za Virunga, tuulize, Zinamkumbuka nani? Na nani zimemwacha?

Tuanze na jina lenyewe. Hifadhi ya Virunga, ambayo wengi wetu twaiita Parki tu, ilianzishwa 21 Aprili 1925 kwa amri ya Mfalme Albert wa Ubelgiji, nayo huhesabiwa kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika. Kwa miaka mingi iliitwa kwa jina lake, Hifadhi ya Albert, hata 1969 ilipopewa jina la milima yenyewe. Leo ina eneo la karibu kilomita za mraba 7,800, na tangu 1979 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Basi ukumbusho wa kwanza wa nchi hiyo ulikuwa jina la mtu aliyekaa ng'ambo.

Ukumbusho wa pili uko juu, mahali paitwapo Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi. Hapo lilichimbwa kaburi la Carl Akeley, Mmarekani. Bwana huyo alikuja 1921 kuwaua ngagi, yaani gorila, apate ngozi zao kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Alipowatazama kwa karibu moyo wake uligeuka, akawa miongoni mwa wale waliomsihi Mfalme Albert awalinde. Alirudi 1926, akaugua, akafa huko huko mlimani 17 Novemba, akazikwa. Hatumchukii. Mtu aliyetubu bunduki yake astahili kaburi lake.

Ukumbusho wa tatu uko Rumangabo, makao ya Parki, jirani kabisa na Kalengera. Mwezi wa Julai 2007 watu wenye silaha waliwaua gorila wa jamaa ya Rugendo, pamoja na dume lao kubwa, Senkwekwe. Wanakijiji waliwabeba mizoga kwa machela ya miti, makumi ya watu chini ya mzoga mmoja, na picha hiyo ikazunguka dunia nzima. Gorila hao walizikwa Rumangabo, na juu ya makaburi yao yakawekwa majina. Hata kituo cha kulelea gorila yatima, kilichofunguliwa 2010, kikapewa jina la Senkwekwe.

Tena wako askari wa Parki. Zaidi ya 200 wameuawa katika kazi hiyo. Siku moja tu, 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, waliuawa askari 12, na dereva, na raia wanne. Hao walikuwa vijana wa vijiji vyetu, waliobatizwa katika parokia zetu. Wajane wa askari walianzishiwa karakana ya kushona huko Rumangabo. Twasema wazi kwamba karakana hiyo ni ukumbusho bora kuliko jiwe, maana yamkumbuka marehemu kwa kuwalisha watoto wake. Neno hilo tuliweke moyoni, tutalirudia.

Sasa tuhesabu. Mfalme alipata jina. Mgeni alipata kaburi. Gorila wamepata makaburi na majina. Askari wanaliliwa, na wajane wao wana cherehani. Wako wapi Batwa?

Batwa, ambao wengine huwaita Wambuti, walikuwa katika misitu hiyo kabla ya mfalme, na kabla ya baba zetu wengi waliokuja na jembe na ng'ombe. Waliishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi na dawa. Msitu ulipogeuzwa kuwa Parki, na Parki ilipopanuliwa 1929 na miaka iliyofuata, mambo yale yale yaliyokuwa chakula chao yaliitwa makosa. Mwindaji akawa jangili. Mrina asali akawa mwizi. Walisukumwa nje, wakawa wapangaji katika viunga vya mashamba ya wengine, wakifinyanga vyungu na kulima kwa kibarua. Na kiswahili chetu nacho hakikuwahurumia. Kiliwaita Mbilikimo, jina la kumpima mtu kimo chake kana kwamba ni boriti ya nyumba.

Siku moja, katika kijiji kimoja cha pande hizo, tulimkuta mzee wa Kitwa ameketi mbele ya kibanda cha majani. Tukamsalimu, tukamwuliza,

"Mzee, babu zako walilala wapi?"

Hakunyosha kidole. Alielekeza kwa kidevu, upande wa mlima.

"Kule juu, mwalimu."

"Umepata kufika?"

"Nilibebwa mgongoni nikiwa mdogo. Sasa nikienda nitaitwa mwizi."

Wasomaji wapendwa, hilo ndilo jambo lenyewe. Mgeni mwenye fedha, wakati wa amani, alilipa akapandishwa mlimani kuwatazama gorila. Mtoto wa mlima hawezi kupanda kuwaamkia wafu wake.

Twajua yapo majibu, nayo si ya kupuuzwa. Wa kwanza husema, Batwa hawana desturi ya kujenga nguzo. Walizika wakahama, basi ukumbusho wa nini? Twajibu kwamba mtu asiyejenga kwa mawe si mtu asiyekumbuka. Wao hukumbuka kwa mahali, kwa mti wa asali, kwa pango, kwa kijito walichokunywa. Ukiwafungia mahali umewafungia kumbukumbu. Kwetu sisi watu wa vijijini, kitabu kikichomwa twaweza kununua kingine. Lakini kwa Mtwa msitu ndio kitabu, nacho ni kimoja tu.

Wa pili husema, Wangeachiwa msitu, ungekwisha. Hapa yafaa tuseme kweli. Msitu wa Virunga unaliwa na makala, unaliwa na mashamba, unaliwa na watu wenye silaha wanaotoza ushuru juu ya yote mawili. Makala hayo twayapikia sisi wa Goma. Tusimtwike mrina asali dhambi ya jiko letu. Wala hatusemi Parki ifutwe. Bila Parki labda leo tungekuwa na vilima vitupu mpaka Ishasha. Twasema tu kwamba mema haya yalinunuliwa, na aliyelipa bei hakuandikwa katika daftari.

Wa tatu husema, Njaa kwanza, nguzo baadaye. Huyu ana haki kuliko wote, nasi tutamjibu baada ya kutazama jirani zetu walivyofanya.

Huko Uganda, 1991, misitu ya Bwindi na Mgahinga ilifanywa hifadhi za taifa, Batwa wakatolewa. Miaka ilipopita ikafunguliwa Mgahinga Njia ya Batwa. Wageni hulipa, Batwa huwaongoza, huwaonyesha kuwasha moto kwa vijiti, kutega na kurina asali, kisha huwaingiza katika pango la Garama, mahali patakatifu pao tangu zamani, ambapo huimba gizani. Tukiipima njia hiyo kama ukumbusho, twaisifu kwa jambo moja kubwa, kwamba anayesimulia ndiye mwenye habari. Hakuna mwalimu wa mbali anayemsemea. Lakini ina kasoro iumizayo. Mwongozaji huingia nyumbani kwa babu yake akiwa mfanyakazi, na jioni hutoka pamoja na wageni. Ameruhusiwa kuigiza maisha yake, hakuruhusiwa kuyaishi. Mahakama ya Katiba ya Uganda yenyewe, 19 Agosti 2021, iliona kwamba Batwa walitolewa bila fidia ya haki.

Huko Kenya mambo yalikwenda njia nyingine. Waogiek wa msitu wa Mau waliishtaki serikali yao mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, wakashinda 26 Mei 2017. Na 23 Juni 2022 Mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa mateso ya moyo, tena ardhi yao ipimwe na waandikiwe hati. Waogiek walikuwa wameomba mambo mawili zaidi, waombwe radhi hadharani, na ijengwe nguzo ya ukumbusho. Hayo mawili Mahakama iliyakataa, ikiona hukumu yenyewe yatosha.

Twawaheshimu majaji, na katika kutanguliza ardhi walifanya vema sana. Lakini katika hilo la pili hatukubaliani nao. Hukumu hukaa kabatini kwa mawakili. Mtoto wa Mau hapiti mbele yake akienda shule. Tena tazameni yaliyofuata. Mwezi wa Novemba 2023, mwaka mmoja na miezi mitano tu baada ya hukumu ile, nyumba za Waogiek wa Sasimwani zilibomolewa. Hatusemi kwamba nguzo ingezuia nyundo. Twasema kwamba serikali isiyotakiwa kukiri kosa mbele ya watu huona wepesi kulirudia.

Na kwetu Kongo? Batwa wa Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu, walitolewa msituni miaka ya 1970. Wengine walirudi kwa nguvu 2018, damu ikamwagika pande zote mbili. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza 2024 kwamba serikali yetu ilivunja haki zao. Kabla ya hapo, 15 Julai 2022, Kongo ilikuwa imetoa sheria ya kuwalinda wenyeji wa asili hao na haki yao juu ya ardhi wanayoitumia kwa desturi. Sheria ni njema. Lakini sheria iliyoandikwa Kinshasa ina safari ndefu kufika Kalengera, na barabara mwaijua.

Twataka kuongeza mfano mmoja wa mbali, maana unahusu mtoto wa Kongo. Ota Benga, Mwambuti, alipelekwa Marekani 1904 kuonyeshwa katika maonyesho ya St. Louis, na 1906 aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wakalipa nauli kwenda kumcheka. Wachungaji weusi wa mji ule walipiga kelele mpaka akatolewa. Mwaka 1916, alipokata tamaa ya kurudi kwao, alijiua huko Lynchburg, Virginia. Mwaka 2017 mji huo uliwekewa kibao cha historia chenye jina lake, na 2020 chama chenye bustani ile kiliomba radhi. Miaka 114 ilipita kati ya kosa na neno la kuliungama. Lakini neno lilipokuja, lilitaja jina la mtu, mahali, na kosa lenyewe. Hilo ndilo fundisho tunalolitaka. Kibao kisemacho "tuwakumbuke wote walioteseka" hakimkumbuki mtu yeyote.

Hapa sisi Wakatoliki tuna kipimo chetu cha nyumbani, nacho kitatusaidia kumjibu yule wa tatu. Tulifundishwa tangu katekisimu kwamba kitubio kina majuto, kina maungamo, kina malipizi. Mwenye kuiba mbuzi akajuta tu, mbuzi bado yuko zizini mwake. Akirudisha mbuzi usiku kwa siri bila kusema neno, jirani aliyeshukiwa bure bado ana aibu. Na akiungama vizuri sana mbele ya watu wote lakini mbuzi asirudi, amecheza ngoma tu. Vitu vitatu huenda pamoja.

Tukizipima kumbukumbu kwa kipimo hicho, twaona kila mahali pamepungua kitu. Mfalme Philippe wa Ubelgiji aliandika 30 Juni 2020 kwamba anasikitika kwa maumivu ya wakati wa ukoloni, akalirudia neno hilo Kinshasa 8 Juni 2022. Hayo ni majuto. Mahakama ya Arusha iliamuru malipizi bila maungamo. Njia ya Batwa huko Uganda ina simulizi bila kurudishiwa. Na Virunga, kwa habari ya Batwa, bado hatujaanza hata majuto.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la serikali peke yake. Papa Fransisko alipokwenda Kanada 2022, kuwaomba radhi wenyeji wa asili kwa sababu ya shule zile ambamo watoto wao walinyang'anywa lugha, na wengi wakafa, alifanya nini kwanza? Huko Maskwacis, 25 Julai, alikwenda makaburini akasali kimya. Ndipo akasema. Na mbele yake kilibebwa kitambaa kirefu chekundu chenye majina zaidi ya 4,000 ya watoto waliokufa. Kitambaa tu, wasomaji, si jiwe wala shaba. Lakini kilikuwa ukumbusho kamili, kwa sababu kilishonwa kwa majina, na kilishikwa na wenye watoto.

Basi sisi twasemaje kuhusu Virunga? Kwanza, hatutaki kuona sanamu ya Mtwa mwenye upinde imesimama njia panda, imechongwa na mtu asiyewahi kula naye. Goma ina sanamu yake ya dhahabu ya mtu anayesukuma chukudu, iliyowekwa 2009, na watu waipenda kwa sababu kila mtu amjua huyo bwana. Amembebea viazi, au ni mjomba wake. Sanamu ya Mtwa iliyotengenezwa na sisi ingekuwa picha ya mawazo yetu juu yake, yaani Mbilikimo mwingine, wa saruji.

Pili, ukumbusho uanze kama ile karakana ya wajane, kwa kitu kinachomlisha mtu na kumpa heshima. Ardhi ya kukaa yenye hati. Siku zilizowekwa, kwa mapatano na Parki, ambazo wazee wa Kitwa wapande mlimani bila kuitwa wezi, wawaonyeshe wajukuu mapango na miti. Vijana wao wapate kazi ya kulinda msitu huo, wakiwa na kofia na mshahara kama wengine. Hapo yule asemaye njaa kwanza ameshinda, nasi tumefurahi kushindwa.

Tatu, baada ya hayo, au sambamba na hayo, pawekwe neno. Pale Rumangabo, vita vitakapokwisha na wageni watakaporudi, mahali walipozikwa gorila wenye majina, pawekwe kibao chenye kusema kwa kiswahili na kwa lugha ya wenyewe kwamba msitu huu ulikuwa nyumba ya watu, kwamba walitolewa, na mwaka gani. Maneno wayachague Batwa. Wakisema hawataki kibao, bali mti, upandwe mti. Wakisema hawataki chochote ila njia ifunguliwe, ifunguliwe njia.

Nne, parokia zisingoje serikali. Ni nani kati yetu amepata kumwalika mzee wa Kitwa asimulie habari za nchi hii mbele ya watoto wa ekaristi? Ni nani ameona familia yao imeketi benchi la mbele siku ya Noeli? Twawaita wakati wa ngoma, waje watuchezee. Sadaka ikitolewa husimama mlangoni. Huo nao ni ukumbusho, na kila Jumapili twaujenga upya kwa mikono yetu.

Wazee walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Twapita Kalengera, twautazama Mikeno, twasema, mlima mzuri. Naye mzee wa kibandani autazama mlima ule ule, lakini yeye ahesabu wafu wake. Siku ambayo ataruhusiwa kututajia majina yao, nasi tukakaa kitako kusikiliza mpaka mwisho, ndipo tutakapojua tuandike nini juu ya jiwe.